Usizibe ufa kabla hujajua umetoka wapi: kukagua, kupima na kuongezea nguvu zege lililozeeka

Watu wengi wakiona ufa kwenye nguzo au bimu kitu cha kwanza ni kuita fundi aje apige plasta, apake rangi, mambo yaishe. Hayajaisha. Umeficha ushahidi tu, na baada ya muda ufa unarudi palepale, safari hii umekuja na kipande kizima cha zege kinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo mpangilio wangu siku zote ni huu: angalia kwanza, halafu fuatilia, halafu pima, ndo uamue kama unakarabati, unaongeza nguvu, au unapunguza mzigo tu basi. Ukiruka hatua utalipa mara mbili.

Tuelewane kwanza ni nini hasa kinazeeka, maana zege lenyewe ni gumu kuliko watu wanavyodhani, tatizo kubwa liko kwenye nondo. Simenti ina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ndani ya zege zuri iko kama 12.5 hadi 13, na kwenye hali hiyo chuma kinajivika utando mwembamba sana unaozuia kutu isianze. Huo utando unaharibiwa na vitu viwili. Kimoja ni kaboni dayoksaidi ya hewani, inaingia taratibu mwaka hadi mwaka na kushusha pH mpaka chini ya 9. Kingine ni chumvi, yaani kloridi: ya upepo wa bahari, ya kuyeyushia barafu barabarani kwenye nchi za baridi, au ile iliyoingia siku ya ujenzi kwa sababu mtu alichanganya mchanga wa bahari bila kuuosha. Utando ukishatoka, na maji yapo na hewa ipo, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma ilichokula, sasa itaenda wapi? Inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Kuna magonjwa mengine pia, kokoto zenye silika inayogombana na alkali ya simenti, salfeti kwenye udongo, moto wa zamani, ila ukikuta zege kuukuu limebanduka, mara nyingi ni kutu ya nondo na nyuma yake kuna maji.

Ndo maana ukaguzi naanzia kwenye maji. Siku nzuri ya kukagua ni baada ya mvua, siyo siku ya jua kali, kwa sababu utaona paa linatuamisha wapi, bomba gani linavuja, maji yanashuka kwenye nguzo ipi. Tafuta michoro ya zamani kama ipo, na kama haipo andika kwamba haipo, usijifanye unajua ndani kuna nondo ngapi. Kisha pita chini ya kila slabu, angalia dari siyo sakafu, na ingia kwenye sehemu ambazo hakuna anayeingia: chini ya matangi, kwenye maegesho ya chini, nyuma ya dari ya bodi. Uharibifu unapenda sehemu zisizo na watu.

Nyufa zina lugha yake na inabidi ujifunze kuisoma. Ufa unaokimbia sawasawa na nondo, umenyooka kama umepigiwa rula na una madoa ya rangi ya kutu, huo ni wa kutu. Ufa wa wima katikati ya bimu, unaanzia chini kwenda juu, ni wa kupinda, na mwembamba wake wa kawaida siyo jambo la kukunyima usingizi, hata usanifu wenyewe unakubali ufa mpaka kama milimita 0.3. Ufa wa mshazari karibu na pale bimu inapokaa kwenye nguzo ndo unaoniogopesha mimi, huo ni wa mkato, yaani mzigo unataka kuikata bimu, na mkato haukupi muda mrefu wa kujadiliana. Kwenye slabu bapa zisizo na bimu angalia uso wa juu wa slabu kuzunguka kichwa cha nguzo, nyufa za duara hapo maana yake nguzo inataka kutoboa slabu. Nyufa za mtandao kama ramani zilizosambaa kote zinaweza kuwa za kukauka tu, za juujuu, au ni ile silika niliyoitaja, hapo usibahatishe, kata sampuli ipelekwe maabara. Michirizi myeupe ya chokaa inakwambia maji yanapita ndani ya zege, hata kama leo pamekauka.

Na kuna vitu ukiviona hufuatilii wala hupimi, unatoa watu na kuweka mirunda siku hiyohiyo: nguzo yenye nyufa za wima na nondo zimeanza kujikunja nje, ufa wa mkato unaopanuka, slabu iliyoshuka ghafla, milango iliyogoma kufunga wakati jana ilifunga, milio ya kupasuka. Hapo muite injinia wa miundo, siyo fundi, siyo jirani anayejua ujenzi. Mwongozo huu wote unakusaidia ujue cha kumwambia na cha kumuuliza, haukugeuzi kuwa yeye.

Sasa chukua nyundo. Kifaa rahisi kuliko vyote na bado sijaona cha kukishinda kwa kazi ya kwanza. Gonga zege kidogokidogo, kila baada ya sentimita 20 hivi, usikilize. Zege zima linajibu kwa mlio mkali, nyundo inadunda mkononi. Ukifika palipoachana ndani mlio unageuka, unakuwa mzito na wa uwazi, na nyundo haidundi. Endelea kugonga kwenda pembeni mpaka mlio mzuri urudi, chora mstari wa chaki hapo, fanya hivyo pande zote mpaka upate duara kamili. Utashangaa, doa lililokuwa linaonekana dogo la sahani linageuka kuwa eneo la meza. Piga picha ukiwa umeweka rula ndani ya picha, andika tarehe na namba ya nguzo. Slabu kubwa ya juu unaweza kuburuta mnyororo badala ya kugonga, sauti inabadilika vilevile.

Kufuatilia ufa. Swali siyo ufa una upana gani tu, swali ni unatembea au umelala. Njia ya chini kabisa ni penseli: weka alama kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, rudi baadaye uone kama umevuka alama. Wengine wanabandika kipande cha kioo au plasta ya jasi juu ya ufa, kikivunjika ujue pametembea, ila hakikwambii pametembea kiasi gani wala kuelekea wapi. Bora kile kigeji cha plastiki chenye sahani mbili, moja ina mistari na nyingine ina msalaba, unakifunga pande mbili za ufa na unasoma kusogea kwa upana na kwa kushuka. Ukitaka usahihi zaidi, gundisha pini mbili za chuma, moja kila upande wa ufa, na upime umbali kati yake kwa kalipa ya dijitali.

Lakini soma saa ileile kila mara na uandike joto la siku hiyo, hili watu wanalidharau sana. Zege linatanuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila digrii moja, kwa hiyo slabu ya mita 20 joto likipanda digrii 10 inarefuka kama milimita 2. Mtu akisoma asubuhi mara ya kwanza na mara ya pili saa nane mchana atapiga kelele jengo linaanguka, kumbe ni jua. Ndo maana mwaka mzima wa vipimo una thamani kuliko wiki mbili za hofu, unaona majira yote, na kama kila mwaka ufa unarudi pale ulipoanzia huo unapumua tu, kama kila mwaka unaongezeka na haurudi, kuna kitu.

Madaraja na miundo yenye nyaya za kuvutwa ni habari nyingine. Kule chuma kimefichwa na kimevutwa kwa nguvu kubwa muda wote, kikikatika hakikupi dalili nyingi nje. Daraja la Morandi kule Genoa, Italia, lilifunguliwa 1967 na nyaya zake za kushikilia zilikuwa zimefunikwa ndani ya zege, hakuna anayeziona, na tarehe 14 Agosti 2018 sehemu yake ikaanguka, watu 43 wakafa. Dresden, Ujerumani, sehemu ya daraja la Carola ilidondoka mtoni usiku wa tarehe 11 Septemba 2024, bahati tu hakuna aliyekuwa juu yake, na chanzo kilikuwa chuma cha kuvutwa kilichokuwa kinapasuka ndani. Kwa miundo kama hiyo nyundo na penseli havitoshi, zinawekwa sensa za kusikiliza waya ukikatika, vipimo vya mlalo, vipimo vya mkunjo, na vinasomwa muda wote.

Tuje kwenye vipimo vyenyewe. Nyundo ya Schmidt, ile ya springi inayopiga zege na kusoma mdundo, kila mtu anaipenda kwa sababu ni haraka, na kila mtu anaisoma vibaya. Inasoma ngozi ya juu tu, na zege kuukuu lililoingiwa na kaboni dayoksaidi ngozi yake inakuwa ngumu zaidi ya ndani, kwa hiyo inakupa namba tamu kwenye jengo baya. Mimi naitumia kulinganisha sehemu na sehemu, wapi pabaya kuliko penzake, siyo kutangaza nguvu ya zege. Mawimbi ya sauti ni bora kidogo: yanapita ndani ya zege upande hadi upande, kasi ikizidi kilomita 4.5 kwa sekunde zege ni safi sana, ikishuka chini ya 3 anza kutilia shaka kwamba ndani kuna mapengo au nyufa. Nguvu ya kweli unaipata kwa kukata koa, silinda ya zege ya kipenyo cha kama milimita 100, ukaivunje maabara. Kabla hujakata pitisha mashine ya kutafuta nondo, nimeona koa limetoka na kipande cha nondo kuu katikati, yaani ukaguzi umeharibu kuliko kutu. Kanuni za ACI, taasisi ya zege ya Marekani, kwa zege la jengo jipya lililotiliwa shaka, zinakubali kama wastani wa koa tatu umefika asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa na hakuna hata moja iliyo chini ya asilimia 75, kwa hiyo koa moja peke yake siyo ushahidi wa kitu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni fenolftaleini kwa sababu unaona kwa macho yako. Chimbua kipande kidogo mpaka zege jipya lionekane, pulizia vumbi litoke, usiloweshe kwa maji, nyunyizia dawa hapohapo. Zege lenye alkali linageuka pinki kali, lililokwisha linabaki rangi yake ya kijivu, na ule mpaka kati ya kijivu na pinki unaupima kwa rula kutoka usoni. Hiyo kaboni haiingii kwa mwendo mmoja, inaenda na kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo unaweza kukadiria. Jengo la miaka 25 mpaka uko milimita 15: gawa 15 kwa 5, ambayo ni kipeuo cha pili cha 25, unapata 3. Kama nondo ziko milimita 20 kutoka nje, 20 gawa kwa 3 ni 6.67, zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata kama miaka 44. Maana yake una karibu miaka 19 kabla mpaka haujafika kwenye nondo, kama kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo, ni hiyo milimita 20 kila mahali, na hapo ndo pana kasheshe kwa sababu kava haijawahi kuwa sawa kila mahali, pima kwenye sehemu nyingi na umuonee huruma yule mwenye kava ya milimita 8.

Chumvi haionekani kwa pinki, chukua unga wa drili kwa vina tofauti, milimita 0 hadi 10, 10 hadi 20, kuendelea, upeleke maabara. Kiwango kinachotajwa sana cha kuanza kuogopa ni kloridi asilimia 0.4 ya uzito wa simenti pale kwenye nondo. Na kujua kutu inafanya kazi wapi bila kubomoa kuna kipimo cha volti kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba: ikisoma hasi zaidi ya milivolti 350 uwezekano wa kutu hapo unazidi asilimia 90, ikiwa hasi kidogo kuliko 200 uwezekano wa kwamba hakuna nao unazidi 90, katikati hapo hakuna jibu.

Kisha fungua sehemu mbili tatu mbaya uione nondo yenyewe. Isugue na brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pima kipenyo na kalipa. Nondo ya milimita 16 iliyobaki 14 inasikika kama hasara ndogo, si ndiyo? Piga hesabu ya eneo, imepoteza kama asilimia 23. Ya 12 iliyobaki 10 imepoteza asilimia 31. Na kama ni kutu ya chumvi inachimba mashimo, tafuta shimo baya kuliko yote na upime hapo, wastani hauna maana. Hizo namba ndo injinia anaziweka kwenye hesabu, siyo zile za kwenye mchoro.

Hesabu zikionyesha upungufu, kabla ya kununua chochote punguza mzigo. Sakafu juu ya sakafu, tangi lililohamishiwa katikati ya slabu, kuta za tofali zilizoongezwa baadaye. Tabaka la zege la milimita 50 peke yake ni kama kilo 110 hadi 120 kwa kila mita moja ya mraba, likitoka slabu inapumua bure. Na tengeneza maji: mteremko wa paa, mabomba, kizuia maji. Jengo la Champlain Towers South kule Surfside, Florida, injinia alilikagua 2018 akaandika kwamba kizuia maji cha deki ya bwawa la kuogelea kimeshindwa na zege la chini yake limeharibika, na 24 Juni 2021 likaanguka na kuua watu 98. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha pia deki ilikuwa dhaifu tangu kwenye usanifu. Kwa hiyo kizuia maji siyo urembo, lakini pia usiishie hapo ukasema umemaliza, hesabu za usanifu wa zamani nazo zirudiwe.

Ukarabati wenyewe. Weka mirunda kwanza, chini yake hadi kwenye kitu kigumu, siyo juu ya slabu nyingine iliyo mgonjwa. Kata kingo za eneo lako kwa grinda ziwe wima, kina kama milimita 10, ukiwa umehakikisha hukati nondo, maana kiraka chenye kingo za kufifia kinabanduka tu. Bomoa zege bovu mpaka uwe umepita nyuma ya nondo, milimita 20 hadi 25 mkono na mota (mchanganyiko wa simenti na mchanga) viweze kuzunguka, na ufuate nondo mpaka ufike palipo safi. Fundi wengi wanaishia usoni mwa nondo kwa sababu nyuma ni kazi ngumu, na hapo ndo kutu inapoendelea kula kimyakimya. Safisha kwa kupiga mchanga kwa presha, na kama ni chumvi osha kwa maji safi yenye presha pia. Palipopungua sana ongeza nondo mpya pembeni na urefu wa kutosha kuungana na ya zamani. Lowesha zege la zamani lishibe maji lakini uso usiwe na maji yaliyosimama, ndo uweke mota ya kukarabatia isiyosinyaa, yenye ugumu unaokaribiana na zege la zamani. Kisha itunze na unyevu, siku kadhaa, siyo jioni moja.

Kuna mtego hapa kwenye kutu ya chumvi. Ukishaweka kiraka kipya kizuri, nondo ndani yake inatulia, lakini nondo ya jirani kwenye zege la zamani inaanza kuliwa kwa kasi, na baada ya muda unaona pete ya nyufa kuzunguka kiraka. Zile anodi ndogo za zinki zinazofungwa kwenye nondo pembezoni mwa kiraka ni kwa ajili hiyo, zinaliwa zenyewe badala ya nondo.

Nyufa zilizolala zinachomwa epoksi, gundi kali ya kemikali, kwa presha na zinashika vizuri. Ufa unaotembea usiuchome epoksi, utapasuka pembeni yake, huo uwekee kizibo kinachovutika.

Kuongeza nguvu njia ziko kadhaa. Nguzo dhaifu unaivisha koti: nondo mpya na ringi kuizunguka, zege jipya la kama milimita 100, uso wa zamani ukiwa umekwaruzwa vizuri na pini za kuunganisha zimechomekwa. Ni kazi chafu na nguzo inanenepa, ila inastahimili moto na fundi wanaijua. Kumbuka tu nguzo nene inavuta mzigo zaidi, hasa wa tetemeko, kwa hiyo ukigusa moja angalia na zenzake na msingi. Bimu inaweza kubebwa na boriti ya chuma chini yake, au kuvutwa na nyaya za nje.

Halafu kuna kaboni faiba, kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa juu ya zege, inayouzwa siku hizi kama dawa ya kila ugonjwa. Ni nzuri, nyepesi, haili kutu, ina nguvu kuliko nondo mara kadhaa. Lakini inashikwa na gundi, na gundi inashikwa na ngozi ya zege, kwa hiyo zege likiwa bovu umebandika kitambaa cha bei mbaya kwenye ngozi inayobanduka. Mwongozo wa ACI unataka uso uvutwe na usibanduke chini ya megapaskali 1.4, na kona za nguzo ziviringwe angalau milimita 13 kabla ya kuzungushia. Epoksi nyingi zinalegea joto likifika kwenye digrii 60 hadi 80, maana yake moto ukiwaka usiihesabu, na ndo sababu muundo unatakiwa uweze kusimama bila faiba kwa mzigo wa kawaida. Na kuibandika juu ya nondo zinazooza bila kutibu kutu ni kufunga bandeji juu ya kidonda kinachooza, utaona imevimba tu.

Gundi ikishakauka gonga faiba yote kwa sarafu kutafuta mapovu, fanya vipimo vya kuvuta sehemu chache, ndo upake rangi ya kuikinga na jua. Mirunda itoke polepole, ukianzia katikati ya bimu kwenda kwenye nguzo, huku mtu anasoma mshuko. Rudisha vigeji kwenye nyufa zilizobaki, na baada ya mwaka rudia kipimo cha volti na nyundo, usikigonge kiraka peke yake, gonga mita moja kukizunguka.